Daktari wa bwaki aliyevaa joho la uchungaji: maisha ya Hugh Trowell



Tumezoea kuwaletea hapa maisha ya wamisionari. Leo tunamleta mtu ambaye hakuja Afrika kama mmisionari. Alikuja kama daktari wa serikali ya kikoloni ya Waingereza, akala mshahara wa serikali hiyo karibu miaka thelathini, na joho la mchungaji alilivaa tu baada ya kustaafu. Jina lake ni Hubert Carey Trowell, wenzake wakimwita Hugh. Madaktari wanamjua kwa sababu ya ugonjwa ambao sisi tunauita bwaki na vitabu vinauita kwashiorkor. Makanisani ni wachache wanaomjua.

Tuliingia katika habari zake kwa mlango wa aibu. Miaka michache iliyopita, huku kwetu Lubumbashi, mama mmoja wa Ruashi alileta mtoto wa miaka miwili katika maombi ya katikati ya juma. Uso wa mtoto ulikuwa wa mviringo na wenye kung'aa, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na laini. Hakulia. Hakutaka kushikwa. Tulimwombea siku tatu kwa kufunga. Siku ya pili maneno yakaanza kupita kwenye mabenchi, kwamba nkambo wake, mama mzazi wa baba yake, ndiye aliyemfunga mtoto. Sisi tulisikia maneno hayo. Hatukuyasema, lakini hatukuyakataza. Siku ya nne muuguzi mmoja, mwimbaji katika kwaya yetu, aliubonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale kama kidole kilichochovya katika unga uliokandwa. Akambeba mtoto hadi kituo cha afya bila kutuuliza.

Mtoto alipona. Nkambo hakurudi tena kanisani.

Baada ya hapo tulitafuta kusoma. Katika shule ya teolojia tulifundishwa Kiyunani na historia ya Matengenezo, lakini juu ya mwili wa mtoto aliyevimba hatukufundishwa neno. Katika kusoma ndipo tulipomkuta Trowell, na kilichotushika kwake ni jinsi alivyokosea kabla hajafaulu.

Alizaliwa London mwaka 1904, akasomea udaktari katika hospitali ya St Thomas. Mwaka 1929 alifika Kenya pamoja na mkewe Margaret. Huko alianza kuwaona watoto wa namna ile tuliyoieleza: miguu imevimba, ngozi inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, nywele zimepoteza weusi. Madaktari waliomtangulia walikuwa na majibu mengi. Wengine walisema ni minyoo, wengine malaria, wengine kaswende ambayo mtoto amezaliwa nayo. Kwa kuwa kila mtoto maskini alikuwa na minyoo, na wengi walikuwa na malaria, aliyetafuta mojawapo aliipata, akaandika jina lake kwenye karatasi, na mtoto akafa na jina hilo.

Mwaka 1935 akahamia Uganda, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, kutibu na kufundisha vijana wa Makerere waliokuwa wakisomea uganga. Watoto ni wale wale. Trowell akasoma, akapima, akafikia uamuzi kwamba ni pelagra. Mwaka 1937 akachapisha makala huko Uingereza juu ya pelagra katika watoto wa Kiafrika.

Wazo hilo lilikuwa na sababu. Pelagra ni ugonjwa wa watu wanaokula mahindi peke yake, na nao hubandua ngozi. Lakini miaka minne kabla, mwaka 1933, jarida lile lile la magonjwa ya watoto lilikuwa limetoa makala ya mwanamke mmoja, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, aliyefika Gold Coast, yaani Ghana ya leo, mwaka ule ule wa 1929. Yeye alisema huu ni ugonjwa mwingine kabisa, wa mtoto aliyeachishwa ziwa na kupewa uji wa mahindi, na kwamba huenda kuna kitu cha kujenga mwili kinachokosekana. Mtaalamu mkubwa wa pelagra wakati ule, daktari Stannus, akampinga. Williams akajibu mwaka 1935, na safari hii akaupa ugonjwa jina ambalo akina mama Waga wa pale Accra walikuwa wakilitumia tangu zamani: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa nafasi yake na mdogo wake aliyezaliwa.

Angalieni jambo hilo. Akina mama wasiojua kusoma walikuwa wamekwisha kuona kwamba ugonjwa unakuja pale mimba nyingine inapokuja. Waganda nao walikuwa na jina lao, obwosi, na maelezo ya namna hiyo hiyo. Kwetu wazee walisema maziwa ya mama mwenye mimba yanamharibu mtoto aliye mgongoni. Maelezo hayakuwa sawa, kwa maana maziwa hayakuharibika, mtoto aliyanyimwa. Lakini jicho lao liliona saa ambayo ugonjwa unaingia nyumbani, na wataalamu wengi hawakuiona.

Trowell alisimama upande wa Stannus. Alikuwa kijana, na Stannus alikuwa na jina.

Kisha kemia ikaja kumhukumu. Mwaka huo huo wa 1937, huko Marekani, iligunduliwa kwamba asidi nikotiniki, moja ya vitamini za kundi B, ndiyo dawa ya pelagra. Kama watoto wa Mulago walikuwa na pelagra, basi dawa hiyo ingewainua. Haikuwainua. Hamira, vitamini za namna mbalimbali, vyote vilijaribiwa, na watoto waliendelea kufa. Tunamfikiria akipita kitanda kwa kitanda miaka ile, na makala yake imekwisha kuchapishwa, jina lake limekwisha kuandikwa chini ya neno ambalo watoto wenyewe walikuwa wakilikanusha.

Mwaka 1945 alichapisha makala nyingine, pamoja na daktari Mganda aliyefanya naye kazi, E. M. K. Muwazi. Humo pelagra iliachwa. Waliuita ugonjwa utapiamlo mkali wa kuua. Kwa yule anayejua desturi za wakoloni, si jambo dogo kwamba jina la Muwazi liko pale juu pamoja na la Trowell. Na si jambo dogo kwamba daktari mwenye sifa alichapisha kinyume cha maneno yake mwenyewe ya miaka minane iliyotangulia. Baadaye aliliacha hata lile jina alilolibuni na Muwazi, akakubali lile la Cicely Williams. Kitabu kikubwa alichokitoa mwaka 1954 pamoja na J. N. P. Davies na Rex Dean kinaitwa Kwashiorkor, basi. Na katika uzee wake, mwaka 1975, alisimulia tena mwanzo wa habari hiyo katika jarida la madaktari wa Afrika ya Kati.

Sasa tueleze kidogo kilichogunduliwa Mulago, maana wengi wetu tunasikia neno protini katika redio bila kujua linafanya kazi gani.

Protini ni minyororo mirefu. Vipingili vya mnyororo vinaitwa asidi amino, na viko aina ishirini. Nyingine mwili unaweza kuzitengeneza. Nyingine lazima ziingie kwa mdomo. Mahindi yana protini kiasi, lakini yana upungufu wa vipingili viwili, lisini na triptofani. Muhogo ni maskini zaidi: unga wake unajaza tumbo, na protini ndani yake ni kidogo sana. Maharage yana lisini kwa wingi. Ndiyo maana bukari na maharage pamoja vinamjenga mtoto vizuri kuliko kila kimoja peke yake. Na sombe, ambayo wengine wanaidharau kama chakula cha maskini, ni jani lenye protini ya kweli. Taabu ni kwamba mtoto mdogo anapewa bukari na mchuzi, na mboga yenyewe inabaki kwenye sahani ya wakubwa.

Davies alikuwa daktari wa kuchunguza maiti. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alionyesha kwamba katika watoto waliokufa kwa ugonjwa huu, kongosho lilikuwa limenyauka. Kongosho ndilo linalotengeneza vimeng'enya vinavyokata chakula tumboni, na vimeng'enya vyenyewe ni protini. Kwa hiyo mtoto asiyepata protini anapoteza chombo cha kuisagia. Ini lake lilijaa mafuta. Katika damu, albumini ilikuwa imeshuka, na albumini ni protini inayosaidia kuyashika maji yasitoke kwenye mishipa. Madaktari wa wakati ule walieleza hivyo uvimbe wa miguu na uso: maji yametoka, yamekaa chini ya ngozi. Mtoto anaonekana mnene, na majirani wanamsifu mama yake, kumbe chini ya uvimbe ule nyama imekwisha.

Dawa iliyopatikana ilikuwa maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, kwa sababu kongosho lililonyauka halikuweza kuyastahimili mafuta mengi. Watoto ambao miaka kumi nyuma wangezikwa walianza kurudi nyumbani. Baraza la utafiti wa uganga la Uingereza likaanzisha Kampala kituo maalumu cha utapiamlo wa watoto, chini ya Dean, na wanakemia wa mwili wakaja kupima damu na mkojo wa watoto, kutafuta dalili inayotangulia uvimbe. Shirika la Afya Duniani na lile la chakula na kilimo likatuma watu wawili, Brock na Autret, wakapita nchi mbalimbali za Afrika, Kongo ya Wabelgiji ikiwemo. Taarifa yao ilitoka mwaka 1952. Miaka ile maziwa ya UNICEF yalianza kufika katika zahanati za Kongo. Wa Kivu mnajua kwamba huko Lwiro, karibu na Katana, watafiti Wabelgiji walifanya kazi ya namna hiyo hiyo juu ya bwaki, na watoto wanaendelea kutibiwa pale hata sasa. Huku Katanga, wazee wa kambi za Union Minière bado wanasimulia posho ya unga, samaki na karanga, na zahanati ya watoto ambayo mama hakuruhusiwa kuikosa. Kampuni ilifanya hesabu zake yenyewe: mtoto aliyekua ni mfanyakazi wa kesho.

Tusifiche upande mwingine. Uchunguzi ulihitaji damu, na ulihitaji kufungua maiti za watoto. Wazazi waliogopa. Kampala kulikuwa na uvumi mkubwa wa bazimamoto, watu wanaonyonya damu kwa ajili ya Wazungu, sawa na batumbula ambao wakubwa wetu wa Katanga waliwakimbia jioni. Mtu msomi anaweza kucheka. Sisi hatucheki. Mzazi ambaye hajaelezwa kwa nini damu ya mtoto wake inachukuliwa lazima ajieleze mwenyewe, na atajieleza kwa maneno aliyo nayo. Ndivyo ilivyokuwa Ruashi pia.

Jibu zuri zaidi lilikuja Mulago baada ya Trowell kuondoka. Mwaka 1965 palifunguliwa nyumba inayoitwa Mwanamugimu, kutokana na msemo wa Kiganda kwamba mtoto mwenye afya hutoka kwa mama mwenye afya. Hapo mama hakai nje ya uzio akingoja. Anakaa na mtoto, anapika mwenyewe, anachanganya ndizi na maharage na karanga, na anaona kwa macho yake uvimbe ukishuka kwa chakula cha shamba lake, bila kopo la Ulaya.

Turudi kwa Trowell. Tumesema alikuja na mkewe, na itakuwa dhambi kumpita Margaret kwa haraka. Alikuwa msanii. Mwaka 1937 alianza kufundisha uchoraji na uchongaji pale Makerere, mwanzo kwa wanafunzi wachache, na shule ile sasa ina jina lake. Gregory Maloba na Sam Ntiro walipita mikononi mwake. Alitunza pia jumba la makumbusho la Uganda. Nyumba moja ilikuwa na daktari wa watoto waliovimba na mwalimu wa sanaa, na wote wawili walikuwa Wakristo wa kusali kweli. Mwaka 1940 Trowell alitoa hata kitabu kwa Wakristo Waafrika juu ya ndoa na mwisho wa mitara. Kwa maoni yetu, hilo ni jambo ambalo wenyeji wangelisema vizuri kuliko yeye. Lakini linaonyesha kwamba mchungaji alikuwa amekwisha kuanza kuota ndani ya daktari.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alistaafu, akarudi Uingereza, akawekwa wakfu katika Kanisa la Anglikana. Alitumwa katika parokia ya kijijini, Stratford-sub-Castle, karibu na mji wa Salisbury. Alihudumu huko miaka ya 1960: ubatizo, mazishi, vikombe vya chai na wazee. Mtu aliyekuwa amefundisha vizazi vya madaktari wa Afrika Mashariki alikuwa sasa akitangaza ratiba ya usafi wa makaburi. Wachungaji wenzetu watajua tunasema nini.

Mwaka 1971 chama cha madaktari cha Uingereza kilitoa taarifa juu ya kuwaua wagonjwa kwa huruma. Trowell ndiye aliyeongoza kundi lililoiandika, na mwaka 1973 alitoa kitabu juu ya mjadala huo. Alisimama upande wa kutowaua.

Sasa inakuja sehemu ya pili ya kazi yake, ambayo hakuna aliyeitarajia kutoka kwa mzee aliyekwisha kustaafu mara mbili. Alipokuwa Uganda, pamoja na kuona magonjwa yaliyokuwapo, alikuwa ameandika pia yale yasiyokuwapo. Kidole tumbo kilikuwa nadra sana. Mawe ya nyongo, nadra. Kisukari cha watu wazima, nadra. Ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa nadra kiasi kwamba mwaka 1956 yeye na mwenzake Singh walichapisha makala nzima juu ya Mwafrika mmoja tu aliyekuwa nao. Haya yote aliyakusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 1960, juu ya magonjwa ya Afrika yasiyo ya kuambukiza.

Baada ya miaka kumi akakutana tena na mtu wa Mulago, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, Mprotestanti wa Ireland, ambaye jina lake limebaki katika ile saratani ya taya ya watoto. Burkitt alikuwa akiuliza swali lile lile: kwa nini magonjwa yanayojaza hospitali za Uingereza hayakuwako katika vijiji vya Uganda? Wakaelekeza macho kwenye kitu ambacho wanakemia walikuwa wakikitupa, yaani makapi, pumba, nyuzinyuzi za mmea.

Hapa Trowell alifanya jambo la kitaalamu lenye uzito. Maabara za wakati ule zilichemsha chakula kwa asidi na kwa magadi, na kilichobaki ndicho kilichohesabiwa kuwa nyuzinyuzi. Njia hiyo ilikuwa inaharibu sehemu kubwa ya kile kilichotafutwa. Mwaka 1972 Trowell alitoa maana mpya: nyuzinyuzi za chakula ni mabaki ya ukuta wa seli za mmea ambayo vimeng'enya vya mwanadamu haviwezi kuyakata. Hakuna tena kuuliza asidi ya maabara imeacha nini. Linaloulizwa ni tumbo la mtu limeacha nini. Maana hiyo imepanuliwa na kubishaniwa tangu wakati huo, lakini utafiti wote wa nyuzinyuzi umepita juu yake. Mwaka 1975 yeye na Burkitt walitoa kitabu juu ya vyakula vilivyosafishwa kupita kiasi, na mwaka huo huo Trowell aliandika juu ya uhusiano wa nyuzinyuzi na kisukari. Mwaka 1981 kikafuata kitabu kingine, juu ya magonjwa ya nchi za Magharibi na jinsi yanavyoingia kwingine.

Yameingia. Hapa Lubumbashi watu wanalipa zaidi ili wapate unga mweupe sana, uliokobolewa mpaka kiini cha hindi kimeondoka, na unga wa punje nzima kutoka mashine ya mtaani wanauona ni wa mkulima. Katika parokia moja unaweza kumzika Jumanne baba mwenye kisukari, na Ijumaa ukamwombea mtoto mwenye bwaki. Trowell ndiye mtu pekee tunayemjua aliyesoma ncha zote mbili za mezani petu.

Na je, jibu la Mulago juu ya protini lilikuwa sawa? Hapa habari ina mpindo. Baada ya kitabu cha mwaka 1954, dunia ilishika neno protini kwa mikono miwili. Umoja wa Mataifa ukaweka baraza la washauri wa protini mwaka 1955, na kufika mwaka 1968 ukazungumza juu ya hatari ya upungufu wa protini ulimwenguni kote. Viwanda vikasaga samaki na karanga kuwa unga wa kuokoa watoto. Lakini mwaka huo wa 1968 Gopalan wa India alionyesha kwamba watoto waliovimba na watoto waliokonda tu walikuwa wamekula chakula kile kile. Mwaka 1974 daktari Donald McLaren akaandika kwa ukali kwamba habari yote ya protini ilikuwa kosa kubwa: watoto wengi walikosa chakula chenyewe, si protini peke yake. Karibu na sisi, huko Malawi, tafiti za mwaka 2013 zilionyesha kwamba hata pacha wawili wa nyumba moja, mmoja huvimba na mwingine havimbi, na kwamba vijidudu vya tumboni vinahusika. Na dawa za antibiotiki pamoja na chakula tiba ziliwaponya watoto wengi zaidi kuliko chakula tiba peke yake.

Basi mtu aliyekosea mwaka 1937 na kusahihisha mwaka 1945 alisahihishwa tena na wengine. Bado kazi yake haikuanguka. Watoto waliokuwa wakiitwa wenye minyoo na wenye kaswende waliitwa kwa mara ya kwanza watoto wenye njaa, na wakalishwa.

Kuna jambo moja la vitendo tunalotaka mashemasi na akina mama wa makusanyiko walijue, maana tumeona watu wema wakilikosea. Mtoto wa bwaki anapogunduliwa, tusimkimbizie mayai na nyama siku hiyo. Mwili wake hauna nguvu ya kubeba chakula kingi kwa ghafla; anaweza kufa kwa kulishwa. Katika vituo anaanza na maziwa ya F-75, ambayo katika mililita 100 yana kalori 75 na protini isiyofika gramu moja. Uvimbe unapoanza kushuka na hamu ya kula inaporudi, ndipo anapewa F-100 yenye karibu gramu tatu, au ile pakiti ya siagi ya karanga na maziwa ambayo watoto wetu wanaijua vizuri. Dalili ya kwanza mnaweza kuitafuta wenyewe: bonyezeni miguu yote miwili kwa kidole gumba na kuhesabu polepole mpaka tatu. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, ni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Maombi yanaweza kufanyika njiani.

Margaret alifariki mwaka 1985. Hugh alimfuata mwaka 1989, akiwa na miaka karibu themanini na mitano.

Nkambo wa yule mtoto bado anaishi Ruashi. Tulikwenda kwake mara moja na hakufungua mlango, na hatumlaumu. Baraza la wazee limeandika barua yenye saini zetu sote, ikitaja tulichokisikia siku zile tatu na kwamba tulinyamaza. Imepelekwa kwake kwa mkono wa yule muuguzi wa kwaya. Nakala yake itasomwa mbele ya kanisa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, awepo au asiwepo.